Kiingereza nikisoma naelewa, nikiongea maneno hayaji: kilichosaidia

Dalili: neno ukilisoma unalijua, ukitaka kulisema halipo. Orodha za daftarini hazikusaidia, wala kadi zenye Kiingereza mbele na Kiswahili nyuma. Hizo zinafundisha kutambua tu.

Dawa ilikuwa kubadili kadi kwenye Anki, programu ya simu na kompyuta inayokurudishia kadi za kujifunzia kila baada ya muda. Mbele weka sentensi fupi ya Kiingereza yenye pengo, chini yake maana kwa Kiswahili. Jibu kwa sauti kabla ya kufunua. Kadi mpya 5 kwa siku zatosha. Ukiweka 20, marudio yatakulemea.

Ila bila kuacha herufi ya kwanza penye pengo, mambo hayaendi: palipotakiwa “huge”, hata “big” inaingia, nawe unajihesabia kosa lisilokuwepo. Maneno yanayoandamana yafiche pamoja: “m___ a d___” kwa “make a decision”.