Talaka ya dada, mimi niko Uyole

Juzi niko Uyole namenya viazi, ukungu hata barabara ya kwenda Tukuyu haionekani, dada akapiga vidio koli toka Kanada analia, anataka talaka. Nikamwambia si uanzie baraza la usuluhishi, maana huku Tanzania sheria ya ndoa ya 1971 inataka upite hapo ndo uende mahakamani. Akacheka na machozi yake hivyohivyo. Kumbe kule lazima mmoja wenu awe ameishi jimbo mnalofungulia kesi mwaka mzima kabla ya kuifungua, na wengi sababu yao ni kutengana mwaka 1, tena mnaweza kutengana mkiwa nyumba hiyohiyo, yeye chumba cha chini shemeji juu, kila mtu na sufuria yake jamani!

Wakili wa kwanza alikuwa mji wa mbali, anachaji kwa saa, hadi imeili moja inahesabiwa. Nikamwambia tafuta wa hapohapo anayeshika kesi za ndoa, na kabla hujasaini muulize ile hela ya kutanguliza ikibaki anarudisha au ndo imetoka. Kapata mmama mmoja, hana maneno mengi.

Mama bado hatujamwambia, anajua shemeji anakuja Krismasi.