Lindi hadi Masasi kwa Njia ya Nyimbo

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishukia Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashika njia ya bara kwa miguu. Walilenga Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakajenga. Leo njia hiyo ni lami, na Kosta ikitoka stendi ya Lindi asubuhi, adhuhuri haikukuti njiani. Nilipanda kwa shauku ya kuona dini na nyimbo zilivyofanya kazi ya haki huku kusini: kazi yenyewe, maana sifa tumezisikia sana.

Lindi huanza na zikri, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja kwa sauti na pumzi. Tarika ya Kadiria, mojawapo ya njia za Masufi wa Kiislamu, ilipoenea pwani, iliwavuta sana watumwa na wazao wao, kwa kuwa kwenye duara la zikri hapaulizwi nasaba. Mwaka 1908, Barua ya Makka, iliyodaiwa kutoka Makka na kuonya kuwa kiyama kimekaribia, iliposambaa mjini humu, Wajerumani waliingiwa na hofu hata na zikri zenyewe. Ukiitazama kwa karibu unaelewa kwa nini. Watu husimama bega kwa bega, wakainama na kuinuka pamoja, na pumzi nzito inayotoka kooni ndiyo inayoshika mapigo badala ya ngoma. Pembeni msomaji anapandisha kasida juu ya pumzi hizo. Khalifa, kiongozi wa tarika, huongeza mwendo hatua kwa hatua, na hapo ndipo penye ufundi: akiharakisha kabla duara halijatulia, wazee wanaishiwa pumzi, vijana wanawaacha, na mstari unakatika vipande viwili. Khalifa mzuri husikiliza pumzi ya aliye dhaifu kuliko wote.

Baada ya Mnazi Mmoja, inapoachana barabara ya Mtwara na ya Masasi, Mtama hupita upesi. Nyangao ina misheni ya Wabenediktini iliyoteketezwa katika Majimaji mwaka 1905. Mwaka uliofuata wamisionari walianza upya Ndanda, chini ya ukingo wa nyanda za Makonde penye chemchemi. Tusidanganyane: kwa wengi wa wakati ule, misheni na boma vilikuwa kitu kimoja. Kwaya ya kusini imezaliwa juu ya jeraha hilo.

Kisha milima ya mawe ya Masasi inatokea, na chini ya mmojawapo, Mtandi, ndiko liliko kanisa kuu la Waanglikana. Askofu Vincent Lucas, aliyekaa hapa toka 1926 hadi 1944, hakuipiga marufuku jando. Aliifanyia namna ya Kikristo. Lakini aliyenivuta Mtandi ni Trevor Huddleston, askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya hapo alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg, akipinga watu weusi kung'olewa kwenye nyumba zao. Hugh Masekela, kijana wa shule ya St Peter's, alimwomba tarumbeta. Huddleston akamtafutia, vijana wengine nao wakaomba vyombo, ikawa bendi. Baadaye Louis Armstrong naye aliwapelekea tarumbeta kutoka Marekani. Mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, polisi wa Afrika Kusini walipowapiga risasi waandamanaji weusi, Masekela alikwenda uhamishoni. Mwaka huohuo Huddleston akawa Masasi. Vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma wakaingia katika dayosisi yake.

Mimi naona tarumbeta ile ina uzito kuliko mahubiri mengi ya amani, kwa sababu ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi na ilidai mazoezi kila siku. Nyimbo za haki hufeli hapohapo, kwenye mazoezi. Kwaya nyingi huokota mahadhi ya tenzi za Ulaya na kuyavika maneno ya Kiswahili. Maneno yetu hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi za kigeni humalizia kwa silabi nzito. Matokeo yake "haki" inaimbwa kama vile mkazo uko kwenye "ki", na msikilizaji wa nyuma hashiki neno. Dawa ni kuyasema maneno kwanza bila mahadhi, kupiga kofi penye mkazo, ndipo wimbo ujengwe juu ya makofi hayo. Kiitikio kisizidi pumzi moja. Besi ifundishwe mwanzo. Pasipo kinanda, waimbaji wa tenor wakitangulia wanaweza kuivuta sauti juu, na kufikia ubeti wa nne soprano wanapiga kelele.

Ngoma nazo zina madai yake. Lindi hewa ya bahari hulegeza ngozi, kwa hiyo huchomwa moto wa makuti makavu: ngoma ikae mbali kidogo, izungushwe, igongwe ukingoni mpaka sauti ikaze. Ikisogezwa sana ngozi hujikunja, hung'oka kwenye vigingi au hupasuka. Hata ikikaa vizuri, baada ya nyimbo tatu nne irudi motoni.

Kwaya na watu wa kasida wakialikwa uwanja mmoja, waimbe kwa zamu, wasichanganywe. Kila upande una adabu yake. Ianze baada ya alasiri, imalizike kabla ya magharibi, spika zisielekezwe msikitini, na mnyama achinjwe na Mwislamu ili wote wale sufuria moja. Kinachoharibu zaidi ni mgeni rasmi. Wimbo uliotungwa kuhusu shamba la mjane au malipo ya korosho yaliyochelewa hubadilishwa usiku wa kuamkia, ubeti wa tatu ukapewa jina lake. Mjane aliyekuja kusikia habari yake anajifunga kanga na kuondoka. Walimu wa kwaya wenye msimamo huwa na wimbo mwingine kabisa wa kumpokea mkubwa, mfupi, unaimbwa akiwa bado anashuka kwenye gari.