Leo Raskazone, Tanga
Jamani leo nimezunguka Raskazone na mzee mmoja mwenyeji, historia ya huku anaijua mno. Ufukwe huu huu ndo Waingereza walishusha jeshi lao kutoka India Novemba 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia, watu kama 8,000, Mjerumani aliyekua anatawala huku alikua na kama 1,000 tu na wengi wao askari weusi wa huku huku, na bado wakawarudisha kwenye meli, Waingereza wakaacha bunduki na risasi laki 6, hata nyuki waliwatimua. Julai 1916 Waingereza wakarudi wakauchukua mji. Ila kinachoniuma mimi ni wapagazi wetu, walibebeshwa mizigo na pande zote mbili, maelfu wakafa kwa njaa na magonjwa, na wengi majina yao hayakuandikwa popote.