Baba, Brigedi ya 201 na usiku wa Lukaya

Ukimuuliza baba habari za Vita vya Kagera, ataanza na miguu. Kuingia Kampala Aprili 1979 hukutaja kwa kifupi tu, kama mtu anayekujibu umetokea wapi. Kwenye miguu ndiko anakokaa muda mrefu.

Alikuwa mgambo, kijana wa shamba. Alichukuliwa baada ya majeshi ya Nduli Idi Amin wa Uganda kuvamia Kagera mwaka 1978 na kulipua daraja la Kyaka. Mafunzo yalikwenda mbio, kisha akapangiwa Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo wenzake. Wengi hawakuwahi kurushiwa risasi hata moja.

Na walitembea. Mwendo wa vita ile ulikuwa wa unyayo: bunduki ya SMG begani, risasi, sepetu ya kuchimbia handaki, blanketi ambalo likishalowa linakuelemea kuliko bunduki. Masika yalikuwa yameingia. Unachimba handaki jioni, usiku wa manane umo ndani na maji yanakufika magotini, na kutoka huwezi. Buti hazikauki. Baba anasema ukivua soksi ngozi inafuatana nayo, kwa hiyo wengi waliacha kabisa kuvua. Malaria ikikupanda unatetemeka hapohapo, mwenzako anakuangalizia upande wako.

Pale Lukaya, ndani ya Uganda, barabara ya kwenda Kampala inakatiza kinamasi. Tarehe 10 Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwafyatulia makombora ya Katyusha. Mengi yalipita juu yakaangukia mbali, lakini wale vijana hawakuwahi kusikia mlio wa namna ile. Safu ikavunjika. Baba aliingia kwenye matete, tope likamfika kifuani, bunduki kaishika juu ya kichwa. Giza lilikuwa zito hata hukujua anayehema karibu yako ni wa kwenu au ni adui, mpaka aseme neno.

Aliyekuwa karibu alisema, “Ndugu, nishike, naenda chini.” Baba akamshika ukosi wa gwanda, akamvuta hadi kwenye shina la matete lililowashikilia wote wawili. Hawakuulizana majina. Walinong’ona habari za mahindi, maana wote walikuwa wakulima, wakawa wanaamshana kwa zamu wasizame.

Alfajiri Brigedi yetu ya 208, iliyokuwa imezunguka kinamasi usiku, ikatokea kwenye barabara ya Kampala nyuma ya Walibya. Watu wa 201 wakakusanywa, wakajipanga upya, wakarudi kupigana. Nimesikia watu wakisimulia Lukaya kana kwamba 201 walikimbia tu, basi, na inaniuma sana. Waliorudi barabarani asubuhi ile walikuwa walewale waliokesha topeni, wenye miguu ileile.

Yule wa matete walipotezana kwenye kujipanga. Julai, Siku ya Mashujaa, nataka nimpeleke baba Kaboya, kwenye makaburi ya askari wetu wa vita hiyo, ingawa jina la kutafuta hana. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa mrefu, mwenye lafudhi ya watu wa kusini, na alisema kwao ameacha mke mjamzito. Kama mzee wako alikuwa 201 na amewahi kukusimulia usiku huo, tafadhali niandikie. Baba yupo na anasikia vizuri, nitampigia simu muongee.