Jiwe la Mama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nina sauti ya mama kwenye simu, dakika 43, na kila nikitaka kuirusha kwenye kundi la familia mkono unasita.

Nilikwenda kumrekodi kwa sababu ya baba. Alipolala, historia ya marehemu tuliiandika usiku wa kuamkia maziko, tukipigiana simu kuulizana alizaliwa lini. Ikatoka mistari mitano, mwaka wa kuzaliwa tukaweka “takriban”. Na sisi hao hao tuna video ya kila sendofu, mpaka sufuria la pilau linavyofunuliwa! Hapo tutubu.

Nyuma ya nyumba lipo jiwe la kusagia, limeliwa katikati, siku hizi kuku wananywea maji humo. Nikamuuliza mama jiwe hili la nini, kama watoto wa Yoshua 4 na yale mawe 12 ya Yordani. Akasema lilikuja kwa lori mwaka 1971, Operesheni Dodoma, walipotolewa kwenye tembe yao kupelekwa kijiji cha ujamaa. Dereva alilikataa kwa uzito. “Nikamwambia, basi na mimi niache.”

Nikacheka. Yeye akawa analifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Kisha akasema kuna kilichobaki kule kwenye tembe: kaburi la mtoto wake wa kwanza, wa wiki tatu. “Kifuku kile chote, msimu mzima wa mvua, sikuomba. Kanisani nilikwenda, wenzangu wakifumba macho mimi nayatoa nje dirishani.”

Huyu ndiye mama aliyetuamsha saa kumi alfajiri tupige magoti! Sikuwahi kusikia kwamba nina kaka.

Basi nikataka kuzikata dakika hizo. Nilijiambia ni kumsitiri; ukweli ni kwamba nilimtaka mama wa shuhuda nzuri tupu. Ndipo nikarudi kwenye Zaburi ya 78. Tunapenda aya ya nne, kwamba hatutawaficha wana wao sifa za Bwana. Teremka hadi ya nane: baba hao hao wanaitwa “kizazi cha ukaidi na uasi”. Asafu, mtunzi wa zaburi hiyo, hakuwasitiri wazee wake, kwa maana ukiufuta ukaidi wao, uvumilivu wa Mungu unauonea wapi? Mpendwa, mtoto wako atapita kifuku chake. Siku hiyo atamhitaji bibi aliyenyamaza mbele za Mungu na asitupwe, kuliko bibi asiyewahi kutikisika. Kwa hiyo rekodi, na usipake chokaa. Mzazi akikuambia hili lisitoke, heshimu, ni lake. Lakini wewe usimkatie maneno aliyokupa kwa hiari.

Nilimuuliza mama kama nipunguze. Akasema, “Kwani nilikuambia uongo?”

Jumamosi narudi. Bado hajafika pale alipoanza kuomba tena, na ameagiza sukari.