Gitaa la baba mdogo

Jumamosi nimelitoa lile gitaa. Wanaonitembelea wanalijua, ndilo lililokuwa linaning'inia ukutani pale gereji, na kila aliyeliona aliuliza bei. Nimewapa Guitars for Vets, shirika lililoanzishwa hapa hapa Milwaukee, Marekani, mwaka 2007 na Dan Van Buskirk, aliyepigana Vietnam, pamoja na Patrick Nettesheim, mwalimu wa gitaa. Askari wa zamani ambaye vita bado vinamsumbua anafundishwa bure, yeye na mwalimu wake tu, vipindi kumi. Akimaliza anapewa gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme, pamoja na vikorokoro vyake, anakwenda nalo nyumbani. Linakuwa lake.

Hapo kwenye "lake" ndipo waliponipata.

Baba mdogo alirudi Nachingwea kutoka vita vya Kagera nikiwa na miaka minane. Alikuwa miongoni mwa walioingia Kampala Aprili 1979. Mtaa mzima ulimpokea kwa vigelegele, bibi akachinja jogoo wawili. Baada ya wiki mbili tukaanza kumkuta alfajiri amekaa chini ya mwembe, macho makavu, hajalala. Mlango ukibamizwa anaruka. Wakasema ana mashetani, akapelekwa kwa mganga mara mbili. Hakuna aliyesema ni vita.

Jirani yetu alikuwa na gitaa. Sijui ilianzaje, lakini jioni moja tulimkuta baba mdogo amelipakata, anatafuta sauti moja moja kwa kidole gumba. Akawa analiazima kila siku baada ya magharibi. Hakuwa fundi hata kidogo. Alikuwa na nyimbo tatu, zote polepole, na usiku aliopiga alilala ndani. Mama alikuwa akituambia tusipige kelele: "Mwacheni baba yenu mdogo, anajitibu."

Kisha jirani akahamia Masasi na gitaa lake. Ni haki yake, lilikuwa mali yake. Baba mdogo akarudi chini ya mwembe.

Mimi nimejifunza kuunda magitaa huku ugenini, nikiwa mtu mzima, na hili ni la sita. Ubao wa shingo, pale vidole vinapotua, nimeuweka mpingo. Niliununua kwa muuza mbao wa hapa, wenye karatasi zake zote, maana tangu 2017 mpingo na jamii yake yote hauvuki mipaka kiholela. Nilipoupiga randa vumbi lake likanijaa puani, jeusi lenye uzambarau, nikakaa kwenye stuli kwa muda. Ule ni mti wa kwetu. Ukikitupa kipande chake kwenye ndoo ya maji kinazama kama jiwe. Wazungu wanautengenezea ala za kupuliza kama klarineti na obo, sisi tunauchonga vinyago, na kwenye shingo ya gitaa hauliki na nyuzi hata baada ya miaka mingi.

Uso wa kwanza wa gitaa, ule ubao wa mbele, ulinipasukia mwezi wa Januari. Hita ya nyumba hukausha hewa kupita kiasi wakati wa baridi, nami niliuacha ubao mezani usiku kucha. Nikaanza upya. Safari hii nilinunua kipimo cha unyevu, na sikuunganisha kitu chochote mpaka kisome kati ya asilimia 45 na 50.

Kazi iliyonichukua muda kuliko zote ni kushusha nyuzi zikaribie shingo. Mtu anayeanza gitaa ukubwani, pengine mkono ulishavunjika, pengine unatetemeka kwa dawa, nyuzi zikiwa juu zinamkata vidole na ataacha kipindi cha pili. Kwenye freti ya kumi na mbili, kile kijiti cha chuma cha shingoni, nilianza na nafasi ya milimita 2.5 chini ya nyuzi upande wa besi. Nikasugua kwa msasa mfupa wa darajani, ule unaobeba nyuzi, nikafunga nyuzi, nikapiga, nikafungua tena. Nilirudia mara tisa. Zikafika milimita 2 bila kukwaruza popote. Nikamwita mke wangu, ambaye hajawahi kushika gitaa, nikamwambia abonyeze. Akasema, "Mbona laini hivi?" Nikajua limekwisha.

Ndani, unapochungulia kwenye tundu la sauti, nimebandika karatasi yenye jina la baba mdogo na neno Nachingwea. Sikuweka langu.

Mzee aliyelipokea alikuwa na kofia ya Vietnam. Aliligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ubao wa shingo, akaniuliza ni mti gani. Nikamwambia. Akataka nilitamke tena, naye akajaribu: "Mpingo." Kisha akachungulia tunduni, akasoma jina, akauliza kama ni mimi. Nikamweleza habari za mwembe. Hakusema kitu. Aliliweka gitaa kwenye mkoba wake taratibu kama anayelaza mtoto, akanipa mkono, na hakuuachia upesi.

Mpingo uliobaki una urefu wa sentimita 52. Unatosha ubao wa shingo mmoja.