Siku moja maishani mwangu: mkutubi wa meza ya pembeni

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua madirisha, nawasha kompyuta, narudisha rafuni vitabu vilivyoachwa mezani jana, napanga magazeti. Wengi wanadhani kazi yangu kutwa nzima ni hiyo, pamoja na kugonga mihuri na kuwaambia watu wanyamaze. Nina ndugu ambaye mpaka leo akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu yeye anakaa na vitabu." Sawa, nakaa navyo. Ila havijawahi kunichosha.

Mimi ni mkutubi wa maktaba ya umma, na zamu yangu kubwa ni ya meza ya pembeni, nyuma ya rafu za kamusi. Hapo ndipo wanapokuja watu wazima kujifunza kusoma na kuandika, au kufufua kile walichokiacha darasa la tatu. Meza haina kibao, na ni kwa makusudi. Ukiandika "Kisomo cha watu wazima" kwa herufi kubwa, ajuaye kusoma atapita na kuona nani kakaa pale, na asiyejua hatajua kimeandikwa nini. Kibao cha namna hiyo kinamuumbua mtu na wala hakimwelekezi.

Saa 2:30 naandaa vitabu. Kwa mpangilio wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake rafuni, elimu ya watu wazima iko 374, na vitabu vya kuanzia kusoma vya shule ya msingi viko 372. Mpeleke mtu wa miaka hamsini kwenye 372, akutane na sungura aliyevaa kofia, uone kama atarudi. Kwa hiyo tunachambua wenyewe: sentensi fupi, herufi kubwa, mambo ya watu wazima, yaani malezi, shinikizo la damu, ndoa, michezo, haki za mfanyakazi. Kila kinachofaa tunakibandika kidoti cha kijani mgongoni na kukiacha kwenye rafu yake ya kawaida, ili anayekichukua aonekane kama msomaji mwingine yeyote. Vitabu vya aina hiyo ni vichache mno. Waandishi wanawaandikia watoto, wanawaandikia wasomi, na hapo katikati wamewaachia wakutubi na mashine ya fotokopi.

Saa 3 kamili tunafungua, na haipiti nusu saa naletewa fomu.

"Binti yangu, nimesahau miwani. Hebu nijazie hii."

Maneno hayo nayasikia karibu kila siku na sijawahi kuyacheka, kwa sababu mara nyingine ni ya kweli. Kuanzia miaka kama arobaini lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na herufi za karibu zinamkimbia hata profesa. Ndiyo maana kwenye droo yangu kuna boksi la miwani ya kusomea, za nguvu mbalimbali. Nikampa mzee. Akajaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Hizi zote hazinifai." Hapo nikajua, na yeye akajua kwamba nimejua, na hakuna aliyesema kitu.

Sikuichukua ile fomu nikaijaza harakaharaka kama anavyofanyiwa kila mahali. Nilikaa ubavuni pake, nikaisoma kwa sauti ya chini huku ncha ya kalamu ikifuata mstari, ili aone niko wapi. Tulipofika kwenye jina nikamwachia kalamu. La kwanza aliliandika kwa mkupuo mmoja, la pili likamgomea katikati. Nimewaona wengi wa hivi: jina lao wamelikariri kama mchoro, tangu siku walipochoka kuchovya dole gumba kwenye wino mbele za watu. Ukimwambia akuandikie herufi moja tu ya katikati, hawezi mpaka aanze mwanzo. Tukamaliza. Nikamwambia, "Mzee, Jumatano jioni tunakuwa na watu hapa, tunapitia fomu kama hizi. Karibu." Neno "kujifunza" nililiacha kabisa. Akasema ataangalia nafasi. Wanasema hivyo wote, na baadhi huja.

Saa 4 hadi saa 6: kuazimisha, kupokea, simu, printa kumeza karatasi, mtoto aliyepotezana na mama yake kwenye rafu za historia.

Saa 7 mchana kinakuja kikundi cha kusoma. Leo neno letu lilikuwa "kazi", na walilichagua wao. Tunalikata: ka, zi. Kisha kila kipande kinaita ndugu zake: ka ke ki ko ku, za ze zi zo zu. Nayaandika kwenye vikadi, navitawanya mezani, halafu najiegemeza kwenye kiti na kunyamaza, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko kufundisha. Dereva mmoja akaunganisha "kaka", akafurahi. Mwenzake akapata "zizi". Mama mmoja mshonaji alishika vikadi vitatu, akavisogeza huku na huko, midomo ikicheza: ki... za... zi. Ki-za-zi. Akainua kichwa. "Kizazi! Mwalimu, hiki ni kizazi!" Mimi si mwalimu kwa cheo, ila hapo sikumsahihisha.

Mbinu hii si yangu. Paulo Freire, mwalimu wa Kibrazili, aliifanya ijulikane mwaka 1963 pale Angicos, mji mdogo wa kwao Brazili, ambapo watu wazima wapatao 300 walifundishwa kwa mpango wa saa 40, kwa kutumia maneno ya maisha yao wenyewe. Mezani kwangu saa 40 zinaishia kwenye ng'. Ukishamweleza mtu kwa nini ng'ombe ana kialama na ngoma haina, kisha ukaja mb, nd, ny, dh, gh, mwezi umekwisha.

Basi tukiwa bado na "kizazi", akatokea kijana kutoka ukumbi wa kusomea.

"Dada, waambie hawa wanyamaze. Nina mtihani."

Nikamwambia kwa upole kwamba saa 7 hadi saa 9 pembe hii inaruhusiwa kusoma kwa sauti ya chini, na ukumbi wa kimya kabisa uko upande wa pili, una viti tele. Akasema upande wa pili hakuna soketi ya kuchajia. Nikamwambia ipo, chini ya dirisha. Akasema iko mbali. Nikamwambia nitamletea waya wa kurefushia. Hakuutaka. Alichokitaka ni kusema, na akasema: "Hii ni maktaba au chekechea? Watu wazima na a-e-i-o-u!"

Yule mama mshonaji aliviweka vikadi chini, akaanza kukunja daftari.

Nataka watu wa nje waelewe kwa nini lazima wasome kwa sauti. Maneno haya wote wanayajua kwa masikio tangu utotoni. Wasichokijua ni sura zake. Kwa kuwa Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, mtu akijisikia anatamka "ki-za-zi", sikio lake ndilo linalomsahihisha, hanihitaji mimi. Mnyamazishe, umemnyang'anya mwalimu wake mkuu. Nilimweleza kijana haya kwa ufupi. Akauliza kanuni imeandikwa wapi. Imeandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa, na yeye ndiye msomi. Akataka kumwona mkuu wangu, mkuu hakuwepo. Akataka kitabu cha malalamiko, nikampa na kalamu. Akasimama kaunta robo saa nzima akijaza ukurasa, kila mara akinitupia jicho. Nilikuwa na la kumjibu: tamko la IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, na UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa kwanza mwaka 1949 na kuhuishwa mwaka 2022, linahesabu kisomo cha watu wa rika zote kuwa kazi yetu, si hisani. Sikumsomea. Alipoondoka nikaangalia. Juu kabisa ameandika "Maralamiko". R na l hizohizo ndizo zinazowapiga chenga watu wangu wa mezani, kwa sababu huandika wanavyotamka nyumbani.

Nilimkuta mama mshonaji karibu na mlango. Nikamwambia yule si mwenye maktaba. Akasema, "Najua, mwalimu. Nitakuja wiki ijayo." Huwa sina namna ya kujua kama wiki ijayo ya mtu itafika.

Baada ya hapo sikuitazama tena saa.

Alikuja mtu wa simu. Miaka yote ametuma ujumbe wa sauti, sasa kazini wamefungua kundi ambalo maagizo yote huandikwa, naye anabaki kutuma alama ya kidole gumba kwa kila kitu, hata alipoulizwa ataingia zamu saa ngapi. Tulikaa naye kuandika sentensi moja. Akiandika neno, simu inaligeuza kuwa la Kiingereza, anafuta, inaligeuza tena. Aliamini anakosea yeye. Tukaizima hiyo programu ya kusahihisha, na mabega yake yakashuka.

Kisha taarifa ya mwezi. Fomu kutoka juu inauliza: waliojiandikisha wangapi, waliohitimu wangapi. Hatuna mahafali hapa. Hatuiti majina, kwa sababu orodha ya mahudhurio inawafukuza watu kuliko mvua. Nina baba aliyesoma mwenyewe karatasi ya dawa ya mtoto wake, "kijiko kimoja mara tatu kwa siku", akaja kunionyesha chupa. Kisanduku chake kiko wapi kwenye fomu? UNESCO inakadiria vijana na watu wazima wasiojua kusoma na kuandika duniani ni zaidi ya milioni 700, karibu theluthi mbili wanawake, na tangu ilipoitangaza mwaka 1966, Septemba 8 ni siku ya kisomo. Siku hiyo wakubwa huja na kamera. Septemba 9 naomba penseli na kuambiwa bajeti imefungwa. Nikaandika sifuri kwenye "waliohitimu" na kujaza nyuma ya karatasi mpaka ikaisha.

Jioni kile kikundi cha pili kiliponikuta, miguu ilikuwa imevimba na sauti imekwisha. Hawa wanasoma tayari, ila polepole, na kuandika kunawatisha. Kwao natumia njia nyingine: mtu anasimulia jambo lake, naliandika neno kwa neno, halafu anasoma maneno yake mwenyewe. Leo kijana wa mizigo alisimulia jinsi alivyohama nyumba. Aliposoma akafika "nikatia saini sikujua nini", akasimama. Mwenzake akadakia: hata mimi. Wa tatu naye. Nilikuwa nimewaletea kitabu kizuri sana cha ufugaji wa mbuzi, kina kidoti cha kijani, nimekihangaikia. Wakakitazama kwa adabu, wakakisogeza kando.

"Mwalimu, mbuzi baadaye. Tuletee mkataba wa kupanga nyumba."

Nikawaambia mikataba ina herufi ndogo na maneno mazito. Wakasema ndiyo maana. Basi kesho kabla ya kufungua nitatafuta mmoja ulio mtupu, niuchape upya kwa herufi za ukubwa wa 16, vifungu vinne kwa ukurasa, na nafasi pembeni ya kila mtu kuandika swali lake. Kifungu cha kodi kitakuja kwanza. Cha notisi ya kuhama, kwa jinsi ninavyowajua, kitatumalizia jioni nzima.